Pedi za breki katika magari ya kifahari yaliyozeeka

Pedi za breki ni vipande viwili vinavyobana diski ya gurudumu kutoka pande zote mbili ili kupunguza mwendo wa gari au kulisimamisha. Kila pedi ina bamba la chuma kwa nyuma na tabaka la kusugua kwa mbele. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huliita tabaka hilo lainingi. Lainingi huisha kidogo kidogo kila dereva anapokanyaga breki, kwa hiyo pedi ni spea inayotarajiwa kubadilishwa mara nyingi katika maisha ya gari.

Makala hii inahusu uchaguzi na ubadilishaji wa pedi katika magari ya kifahari yaliyokwisha kutumika miaka mingi, kama vile Toyota Crown, Toyota Mark X, Mercedes-Benz za daraja la C na E, na BMW za mfululizo wa 3. Mifano mingi imetolewa katika mazingira ya Mtwara, hasa barabara itokayo mjini kupitia Naliendele kwenda Newala, kwa sababu hewa ya bahari, mchanga na miteremko ya huko huonyesha wazi mambo ambayo kwingine hujificha.

Gari rahisi, breki ghali

Nchi za Afrika Mashariki hazifanani katika sheria za kuingiza magari yaliyotumika. Kenya hairuhusu gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kuanzia mwaka 2018. Tanzania haikuweka marufuku ya namna hiyo bali hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Matokeo yake ni kwamba katika miji ya Tanzania gari lililotengenezwa miaka 20 iliyopita ni jambo la kawaida, na gari ambalo Japani au Ujerumani lilikuwa la mkurugenzi linaweza kununuliwa na mwalimu, mfanyabiashara wa korosho au dereva wa teksi.

Hapo ndipo tatizo huanzia. Bei ya gari hushuka kadiri linavyozeeka, lakini mahitaji yake hayashuki. Sedani ya kifahari yenye uzito wa kilo 1,700 bado ina uzito uleule, injini yake bado ina nguvu ileile, na breki zake zilibuniwa kwa mwendo wa barabara kuu za Ulaya au Japani. Mnunuzi aliyelipata kwa bei ya gari dogo mara nyingi hutaka pia kulifunga pedi za bei ya gari dogo. Fundi humtafutia zinazoingia kwenye kalipa, naye huondoka ameridhika. Lakini pedi kuingia mahali pake na pedi kufaa kwa gari ni mambo mawili tofauti.

Mkoa wa Mtwara uliona ongezeko la magari ya aina hii wakati wa shughuli za gesi asilia, ambayo iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982 na kuja kuunganishwa na Dar es Salaam kwa bomba lililokamilika mwaka 2015. Msimu wa korosho nao una mchango wake. Naliendele yenyewe inajulikana zaidi kwa kituo chake cha utafiti wa kilimo, kinachoshughulika hasa na korosho, kuliko kwa gereji. Lakini magari yote yanayopanda kuelekea Nanyamba, Tandahimba na Newala kwa njia hiyo hupita hapo.

Kazi ya pedi

Breki haiui mwendo. Huugeuza kuwa joto. Gari la kilo 1,700 linalokwenda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya takriban kilojuli 656. Likiwa katika kilomita 50 kwa saa nishati hiyo ni kilojuli 164 tu, yaani robo, kwa kuwa nishati huongezeka kwa mraba wa mwendo. Dereva anaposimama kutoka kilomita 100, karibu nishati hiyo yote hupita kwenye pedi na diski katika sekunde chache, na sehemu kubwa zaidi kwenye magurudumu ya mbele, maana gari linapofunga breki uzito wake huegemea mbele. Ndiyo sababu pedi za mbele kwa kawaida huisha kabla ya zile za nyuma.

Kwenye mteremko hesabu ni nyingine. Gari hilohilo likishuka mita 400 kwa wima, nishati inayopaswa kuondolewa ni karibu megajuli 6.7, sawa na kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa mara 10 mfululizo. Uwanda wa juu wa Makonde umeinuka mita mia kadhaa juu ya nchi inayouzunguka, na kingo zake ni kali. Dereva anayeshuka ukingo huo mguu ukiwa juu ya breki muda wote hazipi diski nafasi ya kupoa. Pedi dhaifu ikipata joto kupita uwezo wake hupoteza msuguano: pedeli inabaki ngumu, dereva anakanyaga kwa nguvu zote, na gari linaendelea kwenda. Pedi nzuri nayo huweza kufikishwa huko, ila huchelewa. Kwa gari la otomatiki dawa ni kushusha gia kabla ya mteremko kuanza, ili injini isaidie kulizuia gari.

Wazo la kubana diski si geni. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza yake mwaka 1902, ila vifaa vya kusugulia vya wakati ule havikudumu. Diski zilipata sifa baada ya Jaguar kushinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953 ikiwa na breki za diski za Dunlop, na mwaka 1955 Citroën DS ikazileta kwenye gari la watu wa kawaida.

Aina za lainingi

Kwa muda mrefu lainingi zilitengenezwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi yanayostahimili joto vizuri. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu, na nchi nyingi zimeipiga marufuku. Kwa kuwa hakuna anayeweza kutambua kwa macho kama pedi kuukuu ya jina lisilojulikana ina asbesto, vumbi la breki halipaswi kupulizwa kwa mdomo wala kwa kompresa. Hufutwa kwa kitambaa kilicholowa maji au kwa dawa ya kusafishia breki. Tabia ya kupuliza upepo ndani ya gurudumu huku kijana msaidizi ameinama pembeni inaonekana katika gereji nyingi, nayo haina udhuru wowote.

Pedi za sasa zipo za makundi makubwa matatu. Za mchanganyiko wa nyuzi na gundi bila asbesto ni laini na tulivu, hazichafui rimu sana, na hazili diski. Magari mengi ya Kijapani hutoka kiwandani nazo. Kuna zile zenye chembe nyingi za chuma, zinazovumilia joto kali lakini hulia zaidi na kuikwangua diski. Za tatu huitwa za kauri, ambazo hudumu na hutoa vumbi jepesi. Magari ya Kijerumani kwa kawaida hutumia mchanganyiko wenye kiasi cha chuma unaoshika kwa nguvu tangu mkanyago wa kwanza, na gharama yake ni vumbi jeusi kwenye rimu pamoja na diski inayokwisha sambamba na pedi. Mmiliki wa Mercedes-Benz anayelalamika kwamba rimu zake huchafuka wiki moja baada ya kuoshwa hana gari bovu.

Neno «kauri» kwenye boksi halina maana ya pekee kisheria, na wauzaji hulitumia kwa ukarimu mno. Ni bora kusoma maandishi yaliyo kwenye bamba la pedi kuliko picha iliyo kwenye boksi.

Kusoma bamba

Nyuma ya pedi nyingi kuna mistari ya namba na herufi. Mnunuzi makini hutafuta mambo matatu.

La kwanza ni namba ya umbo. Pedi za soko la Ulaya hubeba namba ya tarakimu tano iitwayo WVA, na pedi zenye umbo moja huwa na namba moja hata zikitengenezwa na kampuni tofauti. Kwa soko la Marekani namba ya umbo huanza na herufi D. Namba hizi humwezesha mtu aliye Mtwara kumpigia muuzaji wa Gerezani, Kariakoo, akaagiza kitu kilekile bila kuonana naye, mzigo ukaja kwa basi.

La pili ni herufi mbili za msuguano, kwa mfano EE, FF au GG. Herufi ya kwanza huonyesha kiwango cha msuguano pedi ikiwa katika joto la kawaida, na ya pili ikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Gari lililobuniwa kwa pedi za FF likifungwa za EE litahitaji mguu mzito zaidi na umbali mrefu zaidi wa kusimama. Pedi ambayo herufi yake ya pili iko chini ya ile ya kwanza, tuseme FE, hudhoofika inapopata moto, nayo si ya kupeleka Newala. Herufi hizi hata hivyo hazisemi lolote kuhusu muda ambao pedi itadumu.

La tatu ni alama ya E ndani ya duara ikifuatana na namba inayoanza na 90R. Hiyo ni idhini ya kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, ambayo hutaka pedi mbadala ifanye kazi karibu sawa na ile ya asili, tofauti isizidi asilimia 15. Pedi za Kijapani zilizokusudiwa soko la Japani huenda zisiwe nayo, na hilo peke yake si kasoro.

Namba ya chasisi nayo haikwepeki. Magari ya Kijerumani hutumia namba yenye herufi na tarakimu 17; yale ya soko la Japani hutumia namba fupi inayoanza na aina ya gari, kama GRS182 kwa Crown fulani. Jina la gari pekee halitoshi, kwa sababu ndani ya jina moja huwemo breki za ukubwa tofauti. BMW ya mfululizo wa 3 ya kizazi cha E46, kwa mfano, ina diski ya mbele yenye kipenyo cha milimita 286 katika 318i na milimita 325 katika 330i. Pia gari la miaka 20 linaweza kuwa limebadilishwa kalipa na mmiliki wa awali. Kwa hiyo utaratibu ulio salama ni kuvua gurudumu kwanza, kutazama kilichomo, kupiga picha bamba la pedi ya zamani pamoja na kadi ya gari, kisha ndipo kuagiza.

Bandia na za kubandikwa

Majina yanayoaminika ni pamoja na Akebono, Advics na Nisshinbo za Japani, ATE, Textar na Bosch za Ujerumani, Brembo ya Italia, na Ferodo, ambayo asili yake ni kazi ya Herbert Frood aliyeanza nchini Uingereza mwaka 1897. Sifa hizo hizo ndizo huvutia waigaji. Nchini Tanzania Tume ya Ushindani husimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na hukamata bidhaa bandia, lakini haiwezi kuwa katika kila duka. Dalili za pedi bandia ni rangi iliyopakwa ovyo, maandishi yaliyochapwa juu juu badala ya kugongwa au kuchapwa kwa usawa, kingo za lainingi zinazomung'unyika kwa ukucha, na pedi nne za boksi moja kutofautiana unene. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine nayo ni dalili.

Njia nyingine ya kubana matumizi ni kubandika lainingi mpya kwenye bamba la zamani. Kwa viatu vya breki za malori kazi hiyo ni ya miaka mingi, na kwa kuwa lainingi hufungwa kwa riveti, fundi mzuri huifanya salama. Pedi ya diski ni kitu kingine. Kiwandani lainingi hushikizwa kwenye bamba kwa gundi maalumu chini ya joto na mgandamizo mkubwa. Gundi ya kawaida iliyokaushwa juani haiwezi kuvumilia joto la diski, na lainingi ikibanduka wakati wa kufunga breki bamba tupu hukwaruzana na chuma.

Katika ukanda wa pwani pedi halali pia huweza kubanduka, kwa kutu. Unyevu wenye chumvi huingia kati ya bamba na lainingi; kutu huvimba, huinua lainingi, na siku moja kipande kizima hutoka kikiwa bado kinene. Gari lililoegeshwa miezi mingi Mikindani au Msimbati wakati mwenyewe yuko Dar es Salaam liko katika hatari hiyo kuliko linalotembea kila siku. Magari yaliyotoka kaskazini mwa Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, mara nyingine hufika yakiwa tayari na kutu hiyo. Kutazama unene wa lainingi peke yake basi hakutoshi. Hutazamwa pia mstari wa maungio.

Lini kubadilisha

Pedi mpya ina lainingi ya milimita 10 hadi 12 hivi. Ikifika milimita 3 ni wakati wa kubadilisha, hata kama bado haijatoa sauti. Magari mengi ya Kijapani yana kijichuma kinachogusa diski na kupiga kelele nyembamba lainingi inapokaribia kwisha. Ya Kijerumani hutumia waya uliozamishwa ndani ya lainingi, ambao huwasha taa ya dashibodi.

Waya huo huchezewa sana, na ni vizuri kujua unavyofanya kazi. Katika BMW waya ni mzunguko uliofungwa. Lainingi ikiisha diski huukata na taa huwaka. Fundi mwenye haraka huunganisha ncha mbili za waya, taa huzimika, na gari halina tena mlinzi. Katika Mercedes-Benz nyingi mambo ni kinyume: waya ukigusa diski ndipo taa huwaka, hivyo anayetaka kuificha huukata. Mnunuzi wa gari kuukuu afuatilie waya hizo kabla ya kulipa. Taa isiyowaka inaweza kumaanisha pedi nzima, au waya uliokatwa miaka 5 iliyopita. Kitambuzi cha BMW kilichokwisha kukatika hubadilishwa pamoja na pedi; katika E46 na E90 kipo gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia.

Kazi yenyewe

Gari huegeshwa mahali tambarare na pagumu. Mchanga wa Mtwara si mahali pa kupigia jeki. Ubao mpana chini ya jeki ni wa lazima, na gari likishanyanyuka huwekwa juu ya stendi, kwani jeki peke yake huteleza au huvuja. Magurudumu yaliyobaki chini huzuiwa kwa mawe au vipande vya mbao. Nati hulegezwa kabla ya kunyanyua. Upande mmoja ukifunguliwa, wa pili uachwe mzima kwanza, ili uwepo mfano wa kuangalia wakati wa kurudishia.

Kabla ya kugusa kalipa, swali moja lazima lijibiwe: je, breki hizi zinaendeshwa kwa umeme? Mercedes-Benz ya daraja la E ya kizazi cha W211, iliyotoka mwaka 2002, ilitumia mfumo uitwao SBC hadi mabadiliko ya mwaka 2006. Katika mfumo huo pampu ya umeme ndiyo husukuma oili, na huweza kuamka yenyewe mlango unapofunguliwa ingawa ufunguo hauko swichini. Pistoni ikisukumwa nje wakati vidole vya fundi viko ndani ya kalipa, vidole hivyo huvunjwa. Mfumo huu huzimwa kwa kompyuta ya uchunguzi kabla ya kuvua pedi, na huwashwa tena baadaye. Mercedes-Benz iliyaita magari 680,000 kwa ukaguzi wa SBC mwaka 2004, kisha ikaiacha teknolojia hiyo kwenye daraja la E. Pampu zake pia huhesabu mara breki zilizokanyagwa, na hesabu ikifika kikomo taa nyekundu huwaka. Gari la namna hii bei yake huwa ya kuvutia mno sokoni, na sababu ni hiyo. Toyota za mseto, kama Harrier na Crown za mseto, nazo zina udhibiti wa umeme unaopaswa kuzimwa kwa utaratibu wa kitabu cha gari. Magari yenye hendibreki ya kitufe huhitaji kuwekwa katika hali ya matengenezo kwanza. Kuilazimisha pistoni ya nyuma kurudi kwa klempu huvunja mota yake.

Kwa breki za kawaida, kifuniko cha chombo cha oili hufunguliwa na oili ikiwa imejaa hupunguzwa kwa bomba la sindano, maana pistoni ikirudishwa ndani oili hupanda na kumwagika, nayo hubabua rangi ya gari. Bolti za kalipa hufunguliwa, kalipa hutolewa na kuning'inizwa kwa waya kwenye springi. Isiachwe ining'inie kwa mpira wa breki: mpira wa miaka 15 huonekana mzima kwa nje huku ndani umechanika.

Pistoni husukumwa kwa klempu polepole. Ikikataa, au ikiwa mpira wake wa vumbi umepasuka na kutu inaonekana, pedi mpya hazitasaidia. Kalipa itengenezwe kwanza. Hali ni hiyohiyo kwa pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Pini zilizokwama ndizo sababu kubwa ya pedi ya ndani kwisha huku ya nje ikiwa nusu, au gari kuvuta upande mmoja. Husafishwa na kupakwa grisi ya silikoni inayostahimili joto. Grisi ya beringi za magurudumu huvimbisha mpira. Hatua hii ya dakika 10 ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua kama pedi za ghali zitadumu.

Diski hupimwa kwa vernia mahali kadhaa. Unene wa chini unaoruhusiwa huandikwa kwenye diski yenyewe baada ya herufi MIN TH. Diski iliyo chini ya hapo haichongwi, hutupwa. Iliyo juu yake lakini yenye mawimbi huweza kupelekwa kwenye mashine ya kukereza, mradi ikitoka ibaki juu ya kikomo. Pedi hubadilishwa kwa jozi, kulia na kushoto wa ekseli moja. Uso wa pedi na wa diski usiguswe na grisi wala oili. Diski mpya hufutwa mafuta ya kuzuia kutu iliyotoka nayo kiwandani. Nati au bolti za magurudumu hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu: Toyota nyingi niutoni-mita 103, BMW za E46 na E90 niutoni-mita 120.

Kisha pedeli hukanyagwa mara kadhaa, gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu. Asiyefanya hivyo hugundua akiwa anarudi nyuma kutoka gereji kwamba mkanyago wa kwanza unakwenda hadi sakafuni, kwa kuwa pistoni bado ziko mbali na pedi.

Siku za kwanza, na oili

Pedi mpya hazishiki vizuri hadi tabaka jembamba la lainingi lijipake sawasawa kwenye diski. Katika barabara isiyo na msongamano, mwendo hupunguzwa mara 10 hivi kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa, kwa kukanyaga kwa kiasi, na kuacha nafasi ya kupoa katikati. Gari lisisimamishwe kabisa mguu ukiwa umebana breki zenye moto, kwani lainingi huacha alama mahali pamoja na baadaye usukani hutetemeka. Kipande cha lami kati ya mjini na Naliendele kinafaa kwa kazi hiyo asubuhi mapema.

Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na pwani unyevu haukosekani. DOT 4 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155, na cha DOT 3 hadi 140. Oili ikichemka mteremkoni mvuke hujaa kwenye bomba, na pedeli iliyokuwa ngumu huwa laini kama sponji. Kwa sababu hiyo oili hubadilishwa kila baada ya miaka 2, na upepo hutolewa katika magurudumu yote manne. Oili ya injini, ya gia au ya usukani haitumiki hata kwa dharura. Huvimbisha mipira ya mfumo mzima, na baada ya hapo masta silinda, kalipa zote nne na mipira yake hulazimika kubadilishwa kwa pamoja.